Matuta, Kivuko na Geti la Nyuma: Tathmini ya Barabara ya Shule Baada ya Mwaka Mmoja

Mwezi Januari mwaka jana, wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, mafundi walikamilisha kazi ya kuboresha usalama wa barabara inayopita mbele ya shule ya msingi anakosoma binti yangu, wilayani Temeke, jijini Dar es Salaam. Kazi yenyewe ilikuwa ya vitu vichache: kivuko kimoja kilichoinuliwa, matuta mawili, njia ya waenda kwa miguu isiyozidi mita 200, safu ya nguzo fupi za zege, vibao vya tahadhari, mafunzo ya siku moja kwa wanafunzi, na geti lililohamishwa kutoka upande wa barabara kwenda upande wa kichochoro. Nimeitumia barabara hiyo karibu kila siku ya masomo kwa mwaka mzima, asubuhi nikimsindikiza binti yangu wa darasa la pili, na mara nyingine mchana nikimsubiri kaka yake, ambaye yuko kidato cha kwanza katika sekondari ya kata na hupita hapo hapo kwa baiskeli. Ninaandika tathmini hii kama mtumiaji, kwa ajili ya wazazi, walimu na wenyeviti wa mitaa wanaofikiria kuomba huduma kama hii, ili wajue kipi kinafanya kazi, kipi kinachakaa mapema, na kipi wasikubali kiachwe.

Ni lazima nianze na hali ilivyokuwa, kwa sababu bila kuijua, matuta mawili yataonekana jambo dogo. Barabara hii ilikuwa ya vumbi hadi miaka michache iliyopita. Ilikuwa na mashimo, wakati wa masika ilikuwa tope tupu, na gari lililopita hapo lilipita kwa kunyata. Lami ilipokuja tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana vumbi lilipungua majumbani, bajaji zilianza kuingia hadi ndani ya mtaa, na mgonjwa aliweza kufikishwa hospitali usiku wa manane. Lakini lami ilikuja na mwendo. Daladala zilizotaka kukwepa foleni ya barabara kuu zilianza kukatiza kwetu, malori ya mchanga na kokoto yakafuata, na bodaboda, ambazo zamani zilikuwa zikichagua pa kupita kati ya shimo na shimo, zilipata mstari ulionyooka kutoka kituoni hadi sokoni. Mitaro ilijengwa pande zote mbili, ikaachwa wazi, na kati ya ukingo wa lami na mtaro haikubaki nafasi ya watoto wawili kutembea wameshikana mikono. Mtoto wa shule akawa na njia mbili tu: atembee juu ya lami pamoja na magari, au atembee kwenye ukingo wa mtaro.

Geti nalo lilifungukia barabarani moja kwa moja. Kengele ya kutoka ilipogongwa, watoto wa awali na wa darasa la kwanza walitoka mbio kama walivyo watoto, na wengi wao hawakusimama mpaka wafike ng'ambo, kwa sababu ng'ambo ndiko kulikokuwa na ubuyu, kashata na maandazi. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza maandazi pale aliniambia siku moja, huku mkono wake ukiwa bado juu ya ndoo, "Mwanangu, riziki yangu iko upande huu, lakini kila wakitoka wale mimi moyo wangu hunipasuka." Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeshuhudia mwenyewe, mara zaidi ya moja, tairi la daladala likisimama hatua moja kutoka kwenye begi la mtoto.

Mtindo wa kazi iliyofanyika haukubuniwa mtaani kwetu. Shirika la Amend, ambalo hushughulikia usalama barabarani katika nchi kadhaa za Afrika, limeutekeleza kwa miaka jijini Dar es Salaam kupitia mpango unaofahamika kwa kifupi kama SARSAI. Mpango huo huanza kwa kutambua shule ambazo watoto wake huumia zaidi, kisha wataalamu hukagua eneo la shule, hutazama watoto wanakopita, na mwishowe huweka vitu vya gharama ndogo vinavyolingana na pale mahali. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya World Resources Institute, iitwayo WRI Ross Prize for Cities, ambayo ilikuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, pamoja na dola 250,000 za Marekani. Waliotoa tuzo walieleza kwamba katika maeneo ya shule yaliyoboreshwa mwendo wa magari ulipungua kwa kiasi kinachofikia asilimia 60, na kiwango cha majeruhi kilishuka kwa asilimia 26. Matokeo ya Dar es Salaam yalichapishwa pia katika jarida la Injury Prevention, ambako shule zilizofanyiwa kazi zililinganishwa na shule ambazo hazijafanyiwa. Kazi ya kwetu haikufanywa na Amend, lakini walioichora waliufuata mtindo huo, na kwa sababu hiyo niliipokea nikiwa na matumaini, ingawa nilikusudia kuitazama kwa macho yangu mwenyewe kabla ya kuisifu.

Jambo la kwanza lililonipa imani lilitokea kabla ya koleo hata moja kuingia ardhini. Vijana wawili waliotumwa kufanya ukaguzi walikuja asubuhi mbili mfululizo, saa 12 na nusu, wakasimama karibu na genge wakiwa na karatasi yenye ramani ya mtaa, na kila mtoto alipovuka waliweka alama ndogo pale alipovukia. Hawakumuuliza mtu watoto wanavukia wapi. Siku ya pili, ramani ile ilikuwa na alama chache mno mbele ya geti, mahali ambapo zebra ya zamani ilikuwa imechorwa, na alama nyingi zilizorundikana karibu na kona, mita kama 30 mbele, kwenye mdomo wa kichochoro kinachotoka kwenye nyumba nyingi. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukiwagombeza watoto kwa kutovuka kwenye zebra, kumbe zebra ndiyo iliyowekwa mahali ambapo watoto hawapiti. Kivuko kipya kikajengwa pale penye alama nyingi. Mzazi anayeomba huduma hii asikubali mtaalamu achore kivuko akiwa ofisini, wala asikubali ukaguzi ufanyike saa 4 asubuhi, wakati watoto wote wako darasani.

Sasa nikiseme kivuko chenyewe. Kimeinuliwa kiasi cha sentimita 10 juu ya usawa wa lami, juu yake ni bapa kwa upana wa mita kama nne, na kimechorwa mistari mipana ya zebra. Kwa hiyo ni kivuko na tuta kwa wakati mmoja: mtoto anavuka akiwa ameinuliwa kidogo, anaonekana vizuri zaidi na dereva, na dereva hata asipotaka kumheshimu mtoto atalazimika kuiheshimu springi ya gari lake. Hapo ndipo tofauti yake na zebra ya rangi tupu ilipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe anayevuka kwenye kivuko, na kila dereva wa nchi hii anaijua kanuni hiyo, lakini zebra ya zamani ilikuwa ikipitwa kana kwamba ni kivuli cha mti. Trafiki akiwepo walisimama. Trafiki akiondoka walipita. Kivuko kilichoinuliwa hakiondoki.

Ili mtu aelewe kwa nini ninaling'ang'ania suala la mwendo kuliko jambo jingine lolote, hebu afikirie magari mawili yanayokwenda sambamba, moja kwa kilomita 30 kwa saa na jingine kwa kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi nchini mwetu. Mtoto anatokea ghafla mbele yao. Tuseme kila dereva anachukua sekunde moja kutambua na kufika kwenye pedeli ya breki, jambo ambalo ni la kawaida kwa dereva aliye macho. Gari la kilomita 30 litakuwa limesogea mita 8 kabla ya breki kushika, na kwenye lami kavu litasimama kabisa baada ya mita 13 hadi 14. Gari la kilomita 50, katika sekunde ile ile moja, litakuwa limekwisha kusogea karibu mita 14 bila breki kuguswa. Maana yake ni kwamba pale ambapo gari la kwanza limesimama, la pili bado liko kwenye mwendo wake kamili. Mtoto aliyekuwa mita 14 mbele anamwona dereva wa kwanza akimtazama kupitia kioo, na anagongwa na wa pili kwa mwendo wote wa kilomita 50. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotokana na mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilisisitiza mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachanganyika. Shirika la Afya Duniani nalo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Siyo malaria. Siyo Ukimwi. Ni barabara.

Yapo maelezo mengine yaliyobadilisha namna ninavyomtazama binti yangu anapovuka. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway nchini Uingereza walionyesha kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi hawawezi kuutambua kwa uhakika mwendo wa gari linalowajia kwa kasi inayozidi kilomita 30 hivi kwa saa. Macho na ubongo wao bado havijakomaa kuona gari linavyozidi kukua mbele yao. Mtoto anaweza kutazama, akaliona gari, akaamua kwamba liko mbali, akavuka kwa utulivu kama alivyofundishwa, na bado akawa amekosea. Tangu nisome hayo, sijawahi tena kumwambia mtoto aliyenusurika kugongwa, "Hukuangalia." Huenda aliangalia.

Kivuko hiki, basi, ninakipa alama 9 kati ya 10. Daladala zinapunguza mwendo, malori yanakaribia kusimama, na kusubiri kwetu ambako zamani kulikuwa kunachukua dakika kadhaa huku binti yangu akinivuta mkono sasa ni kwa muda wa pumzi chache. Alama moja ninaiondoa kwa ajili ya rangi. Masika ya kwanza tu yalipopita, mistari myeupe ilikuwa imefifia, na kufikia mwezi wa nane dereva mgeni asingejua kama pale ni kivuko au ni tuta tu. Waliokabidhiwa matengenezo waliahidi kupaka upya kabla ya muhula wa pili kuanza, na hadi ninapoandika bado hawajapaka. Kitu cha saruji kinadumu, cha rangi kinahitaji mwenyewe, na katika mkataba wa kazi kama hii ni lazima iandikwe nani atapaka, lini, na kwa fedha ipi.

Matuta mawili yaliyowekwa kabla na baada ya kivuko yana sifa ile ile na kasoro moja kubwa ambayo sikuiona mimi, aliiona kijana wangu. Mafundi waliacha mwanya wa kama nusu mita kati ya mwisho wa tuta na mtaro ili maji ya mvua yapite, na ni sahihi kuacha njia ya maji. Lakini bodaboda wameugeuza mwanya huo kuwa njia yao. Wanapofika kwenye tuta hawapunguzi mwendo, wanahamia ukingoni na kupenya. "Baba," aliniambia jioni moja akifuta cheni ya baiskeli yake, "kwenye tuta magari yanapungua, ila pikipiki zinakuja pembeni, na pembeni ndiko mimi niliko." Siku iliyofuata nilikwenda kusimama pale, nikaona kwamba amesema kweli tupu: tuta lililowekwa kumlinda mtoto anayetembea lilikuwa limemsogezea pikipiki mtoto anayeendesha baiskeli, na pia yule anayetembea ukingoni mahali ambapo njia ya miguu imeishia. Dawa yake ni rahisi, kama bomba dogo chini ya tuta ili maji yapite na tuta liende hadi ukingoni. Kwa hali ilivyo sasa matuta haya ninayapa 6.

Na kwa kuwa nimeitaja baiskeli, niseme neno kuhusu yenyewe pia, kwani wazazi wengi wa kidato cha kwanza wananiuliza. Tulinunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani, ile yenye kikapu mbele, madigadi kamili na taa inayowashwa na dinamo kwenye tairi la mbele. Kwa mtoto wa shule sijaona iliyo bora zaidi kwa bei ya kawaida. Ni nzito, ndiyo, na kwenye mchanga inachosha, lakini fremu yake haina mchezo, mtoto anakaa wima akiona mbali, begi linakaa kikapuni badala ya kumvuta mgongoni, na taa haihitaji betri ambayo mzazi atasahau kununua. Kabla ya kulipa, mtoto akae kwenye kiti na ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse chini. Asinunuliwe baiskeli ya kukulia kama anavyonunuliwa sare. Fundi abadilishe raba za breki siku hiyo hiyo, za mbele na za nyuma, kwa sababu raba za mtumba zilizokaa muda mrefu huwa zimekauka kama ukuni na huteleza kwenye rimu hata kama zinaonekana nene. Breki za kwetu zilipopimwa kwenye mteremko mdogo nyuma ya msikiti, baiskeli haikusimama mpaka mtoto aliposhusha miguu. Baada ya raba mpya ilisimama pale pale. Kofia ngumu na fulana ya riflekta tulinunua pia, na anazivaa, hasa jioni za mwezi wa sita giza linapowahi. Lakini sijidanganyi kwamba fulana inapunguza mwendo wa lori.

Njia ya waenda kwa miguu ni nzuri mahali ilipo. Walifunika mtaro kwa mabamba ya zege, wakapata upana wa watoto watatu, na kwa mara ya kwanza nimemwona binti yangu akitembea anaongea na wenzake badala ya kutazama nyuma kila hatua. Tatizo ni kwamba inaishia ghafla kwenye kona, mahali ambapo fedha zilikwisha au mchoro ulikoma, na mtoto anayetoka upande wa sokoni bado anatembea juu ya lami nusu ya safari yake. Nguzo za zege zilizopangwa ukingoni ili magari na pikipiki zisipande zilifanya kazi yao vizuri kwa miezi minne. Kisha lori la kokoto likazigonga mbili wakati likigeuza, zikang'oka, na kijiwe cha bodaboda kikahamia ndani ya pengo hilo kabla wiki haijaisha. Siwalaumu sana vijana wa kijiwe, kwani wanatafuta kivuli na abiria kama kila mtu. Ninalalamikia kwamba nguzo mbili, ambazo fundi wa tofali wa mtaani angezimwaga kwa siku moja, zimekosa mtu wa kuzirudisha kwa miezi yote iliyofuata, na njia nzima imepoteza maana yake kwa sababu ya pengo la mita tatu.

Vibao vipo, vinaonyesha watoto wawili wanaovuka na mwendo wa 30. Ni vizuri viwepo. Peke yake kibao hakijawahi kumsimamisha mtu hapa kwetu.

Mafunzo yalichukua siku moja. Watoto walikusanywa chini ya mwembe, wakachorewa barabara kwa chokaa uwanjani, wakafundishwa kusimama ukingoni, kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na kuvuka kwa kutembea bila kukimbia. Binti yangu amelishika somo hilo na hunisahihisha mimi ninapokuwa na haraka. Ninaliunga mkono, ila pana jambo moja nililopinga kwenye mkutano wa wazazi na ninalipinga hadi leo. Ilipendekezwa viranja wa darasa la sita wapewe kibao cha duara chenye neno SIMAMA, waingie barabarani kuyazuia magari ili wadogo zao wavuke. Nimeona shule nyingi zikifanya hivyo, na ninajua kwamba wanaofanya hivyo wana nia njema. Lakini mtoto wa miaka 12 naye ni mtoto. Macho yake hayajapishana sana na yale ambayo watafiti wanasema bado hayajakomaa kupima mwendo, na tunamweka katikati ya lami akiwa na kipande cha mbao dhidi ya dereva aliyechelewa kupeleka hesabu kwa tajiri. Mtu wa kushika kibao kile awe mtu mzima. Kwetu, baada ya mabishano, wazazi sita walijitolea kupokezana zamu za asubuhi wakiwa wamevaa fulana za riflekta, na mwalimu wa zamu anasimama mchana. Zamu mbili kwa mwezi hazimwelemei mtu.

Nimeliweka geti mwisho kwa sababu ndilo lililonishangaza. Katika mchoro wa awali halikuwemo. Lilitokana na swali la mmoja wa wale vijana wa ukaguzi, aliyemwuliza mwenyekiti wetu wa mtaa kwa upole, "Mzee, huku nyuma ya ukuta kuna nini?" Nyuma ya ukuta kulikuwa na kichochoro kipana cha kutosha mkokoteni kupita, kinachokwenda sambamba na barabara na kutokea pale pale kwenye kivuko kipya. Hakuna gari linaloingia humo. Ukuta ukabomolewa kwa upana wa mita tatu, geti likachomelewa na fundi wa mtaani kwa michango ya hiari ambayo kamati ya shule iliiombea kibali, na geti la zamani likafungwa kwa kufuli, likabaki kwa ajili ya magari ya dharura na wageni. Sasa kengele ikigongwa watoto wanatoka mbio vile vile, lakini wanatokea kichochoroni, na mpaka wafike kwenye lami mbio zimekwisha, wamepangana, wameshaanza kugawana ubuyu. Mama wa maandazi alihamia kichochoroni wiki ya kwanza. Alikuja kuniambia kwamba biashara imeongezeka, kwa kuwa wazazi nao wanasimama hapo kusubiri, na kwamba siku hizi analala.

Lilipingwa, na waliolipinga walikuwa na hoja. Wenye vibanda mbele ya geti la zamani walipoteza wateja, na wawili kati yao hawajapata mahali pengine pazuri. Mwalimu mkuu alihofia kwamba kichochoro hakina taa, na kweli hakina, kwa hiyo geti hilo hufungwa kabla ya magharibi. Wakati wa masika sehemu ya kati hutuama maji hadi kwenye vifundo vya miguu, na tulimwaga kifusi mara mbili bila kupata suluhisho la kudumu. Pamoja na hayo yote, geti ninalipa alama 10, kwa sababu ndilo jambo pekee katika kazi nzima ambalo halimtegemei dereva, wala trafiki, wala rangi, wala utii wa mtoto wa miaka sita.

Kwa wanaotaka kuomba huduma kama hii, njia ni hii. Kwanza wajue barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na zile za mitaani, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Barua iandikwe na kamati ya shule, ipitie serikali ya mtaa na ofisi ya kata, na nakala ibaki shuleni ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Tusingoje mtoto agongwe ndipo wananchi wafunge barabara kwa magogo na tuta lije kesho yake, kama inavyotokea mahali pengi. Wala tusijiwekee wenyewe matuta ya udongo usiku, kwani tuta lisilo na vipimo wala alama linawaangusha wa pikipiki na kumtesa mgonjwa aliyelazwa kwenye gari. Barua yetu ya kwanza ilikaa bila majibu. Ya pili tuliiambatanisha na ramani iliyochorwa kwa mkono na wanafunzi wa darasa la saba, ikionyesha kila mahali ambapo mwenzao aliwahi kugongwa au kunusurika, na hiyo ndiyo iliyojibiwa.

Mwezi huu tumepeleka ya tatu. Tumeomba nguzo mbili zirudishwe, matuta yafikishwe hadi ukingoni kwa kuwekewa bomba la maji chini, rangi ya kivuko ipakwe kila mwaka kabla ya Januari, na njia ya miguu iendelezwe kutoka kwenye kona hadi sokoni, ikiwa na upana wa kutosha mtoto mwenye baiskeli kumpita mtoto anayetembea. Kijana wangu aliipima kona hiyo kwa futi kamba ya fundi cherehani wa jirani, na vipimo vyake vimo kwenye ukurasa wa pili.